Mwenye Kuhama PlayStation Hana Deni

Ushabiki wa mashine za gemu Zanzibar umefika pabaya. Pita barza yoyote wanapokaa vijana, iwe Jang'ombe, Mpendae au kule Chake Chake, utamkuta mtu anasimangwa kwa sababu jana alikuwa wa PlayStation ya Sony na leo ana Xbox ya Microsoft. Anaitwa kigeugeu, anaulizwa kapewa nini. Mwengine kaiuza PS4 yake kanunua Switch ya Nintendo, wenzake wanamwambia amerudi utotoni.

Mimi nimehama, nikarudi, nikahama tena, na sioni cha kuficha. Nataka kuitetea tabia hii kwa hoja, kwa sababu naamini wanaosimangwa wanapiga hesabu nzuri kuliko wanaowasimanga. Mchezaji wa kisiwani anatakiwa aifuate mashine inayomruhusu kuimiliki gemu aliyoilipia, kumuazima mwenzake, na kuicheza kwa umeme na intaneti aliyonayo, si ile iliyoko Tokyo au Seattle. Ikiacha kumruhusu hayo, na yeye ana haki ya kuiacha.

Tuanze na kampuni zenyewe, maana ndizo zilizotufundisha kuhama. PlayStation ilizaliwa kwenye ahadi iliyovunjwa. Sony na Nintendo walikuwa na mpango wa kutengeneza pamoja mashine ya sidii itakayofanya kazi na Super Nintendo, mashine ya Nintendo ya wakati ule. Juni 1991, kwenye maonyesho ya elektroniki ya Chicago, Sony wakautangaza mpango huo hadharani. Siku ya pili yake Nintendo wakasimama hapo hapo na kutangaza kuwa watafanya kazi na Philips. Ken Kutaragi, mhandisi wa Sony aliyekuwa na mradi ule mikononi, hakukubali ufe. Tarehe 3 Disemba 1994 PlayStation ikaingia sokoni Japani ikiwa ya Sony peke yao, na Nintendo wakajikuta na mshindani waliyemlea wenyewe.

Sega nao walikuwa na mashabiki wasiotaka hata kuisikia Nintendo. Mwaka 2001 Sega wakaacha kutengeneza mashine yao ya Dreamcast na kujitoa kabisa kwenye biashara ya mashine. Mwisho wa mwaka ule ule Sonic, waliyemtengeneza makusudi ashindane na Mario, alikuwa anakimbia ndani ya GameCube ya Nintendo. Shabiki aliyegombana skuli miaka yote ile hakuulizwa maoni yake.

Na sasa zamu ya Microsoft. Februari 2024 walitangaza kuwa gemu zao nne zinakwenda kwenye mashine za washindani. Aprili 2025 Forza Horizon 5, gemu yao ya magari, ikafika PS5, na Agosti ikafuata Gears of War ya kwanza iliyofanyiwa ukarabati. Kuna watu hapa mjini ambao hoja yao pekee ilikuwa "ukitaka Forza njoo Xbox", na hoja hiyo imeondolewa na Xbox wenyewe. Sisemi Microsoft wamekosea. Wamepiga hesabu za biashara yao. Lakini ikiwa mwenye duka anaruhusiwa kupiga hesabu, mnunuzi naye aachiwe apige zake.

Kwetu PlayStation iliingia kwa mlango wa banda la gemu. Chumba cha mbele cha nyumba, pazia mlangoni, TV mbili tatu za chogo, benchi la mbao, na mwenye banda ameshika daftari. Mechi moja shilingi mia mbili, aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki. Msimu wenyewe ulikuwa sikukuu. Watoto wanapita kwa jamaa asubuhi kupokea mkono wa Idd, na kabla ya adhuhuri nusu ya pesa ile imeshaandikwa kwenye daftari. Mle ndani hakuna aliyeuliza kampuni gani imetengeneza mashine. Waliuliza kama kuna PES, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami.

Waliokuwepo zama za PS ya kwanza wanaikumbuka mashine iliyolazwa kifudifudi. Reli ya plastiki inayoibeba lenzi ilikuwa inalika, lenzi inainama kidogo, sidii haisomeki. Ukiigeuza mashine chini juu, uzito unairudisha lenzi mahali pake na gemu inawaka. Ilikuwa jambo la kawaida kabisa kuingia bandani ukaikuta mashine iko hivyo, kifuniko chini, na mtoto mdogo akikukemea usiiguse meza.

PS2 ikaja ikamaliza kazi. Ilitoka Machi 2000, ilisoma sidii za PS ya kwanza, na ilicheza DVD, kwa hivyo nyumba iliyonunua gemu ilipata na deki ya kutazamia filamu. Hoja hiyo ndiyo iliyowalainisha kina mama wengi. Dunia nzima ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Lakini tarakimu ninayoiona kubwa zaidi kwetu ni 13. FIFA 14 na PES 2014, zilizotoka mwishoni mwa 2013, zilitolewa pia kwa PS2, miaka 13 baada ya mashine kuingia sokoni. Mwenye banda aliyeinunua hakuambiwa na mtu kwamba amepitwa.

Timu nyingi za Uingereza ndani ya PES hazikuwa na leseni. Liverpool iliitwa Merseyside Red, na mtoto aliyekuwa bado anahangaika na Kiingereza cha skuli aliitambua kwa jezi na kwa mpiga faulo wake. Mguu wa kushoto wa Adriano wa Inter kwenye PES 6 uliharibu urafiki wa watu, mpaka yapo mabanda yaliyopiga marufuku Inter. Na memori kadi, kile kidude cha megabaiti 8, ilitembea mfukoni kutoka Kikwajuni hadi Magomeni imebeba Master League ya mtu, yaani msimu wa ligi anaouchezea ndani ya PES. Unaichomeka kwenye mashine yoyote ya mtu yeyote, msimu wako unaendelea pale ulipoishia. Hakuna akaunti, hakuna neno la siri, hakuna bando.

Lazima tuseme wazi pia kwamba sidii nyingi zilikuwa za kuchoma. Mashine zilitiwa chipu ili zizikubali, na baadaye zikaja memori kadi zenye programu ya kuwashia gemu kutoka kwenye flashi. Konami hawakuona hata senti katika mechi nyingi zilizochezwa visiwani. Silitetei hilo, waliotengeneza gemu zile walistahili kulipwa. Nalileta kwa sababu wale wanaojivunia kuwa watu wa PlayStation tokea utotoni wanasahau walichokuwa wanakipenda. Walipenda gemu inayopita mikono mingi kwa bei ambayo mtoto anaimudu. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko lilikuja na bahati hiyo.

Mimi nilihamia Xbox 360 kwa sababu ya kaka yangu. Tulikuwa wawili na TV moja. PES ilikuwa lazima mmoja wetu afungwe, na aliyefungwa analala na hasira. Halo 3 na Gears of War, gemu za kupigana kwa bunduki, ziliigawa skrini, kila mtu na nusu yake, tukawa upande mmoja. Yeye anakwenda mbele, mimi namlinda nyuma. Nikianguka anarudi kunisimamisha. Mama alikuwa anashangaa nyumba imekuwa kimya, hakuna ugomvi wa pedi. Mpaka leo sidhani kuna sababu bora ya kuchagua mashine kuliko ile.

Halo 5 ilipotoka mwaka 2015, skrini ya kugawana haikuwemo kabisa. Halo Infinite ikaahidiwa kuwa nayo kwenye hadithi yake, na mwaka 2022 watengenezaji wakatangaza kuwa wameifuta. Ndugu wawili wenye TV moja walikuwa wamenunua mashine kwa ajili ya kitu kile, na kitu kile kikaondolewa. Anayewaita wasaliti kwa kuondoka aeleze kwanza nani alianza kuondoka.

Umeme nao una sehemu yake katika mapenzi haya, na wachambuzi wa nje hawauandiki kwa sababu kwao ukibonyeza swichi taa inawaka. Unguja ilitegemea waya mmoja wa baharini kutoka Bara, uliolazwa mwaka 1980, unaotokea Ras Kiromoni na kupanda Fumba. Mei 2008 tukazimikiwa, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ikaja zahama kubwa zaidi, miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Hoteli zilinguruma kwa majenereta, mitaa ya Ng'ambo ikawa giza, maji hayapandi kwenye matangi. Banda lenye jenereta liliweza kupandisha bei ya mechi na bado watu wakasimama nje, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na taa na feni. Waya mpya wa megawati 100 umekuja 2013. Wapemba walikuwa na dhiki ya muda mrefu zaidi, wakiendeshwa na majenereta ya dizeli mpaka 2010 walipovutiwa waya kutoka Tanga.

Sasa itazame Xbox 360 katika miaka hiyo. Tatizo lake la taa nyekundu linajulikana dunia nzima. Mashine inapata moto, inapoa, inapata moto tena, na viungio vinavyoishika chipu kubwa vinapasuka kidogo kidogo mpaka siku duara la taa linapowaka jekundu. Julai 2007 Microsoft waliongeza waranti ya tatizo hilo kufikia miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kulilipia. Kwa mtu wa Texas huo ni uungwana mkubwa. Kwa mtu wa Mwanakwerekwe, mashine kainunua mtumba, risiti hana, na pa kuirudisha hapana. Kinachobaki ni fundi mwenye kifaa cha upepo wa moto anayeipasha chipu ikashika kwa wiki kadhaa. Na umeme unaokatika na kurudi mara nne kwa usiku ndio unaozidisha huo huo mzunguko wa moto na baridi. Aliyeiuza 360 yake mwaka 2010 akarudi kwenye PS2 iliyochoka alikuwa anaisoma hali ya kisiwa chake vizuri.

Hapo sijagusa mashine za Marekani zinazoingia na makontena ya mtumba, za volti 120, ambazo mtu anazichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila ya stepdauni, kile kifaa cha kushusha volti, na zikatoa moshi pale pale dukani. Wenye maduka ya Darajani wanajua habari hiyo kuliko mimi.

Mwaka 2013 ndio mwaka ambao, kwa maoni yangu, wanaotuita vigeugeu wangeukumbuka wangenyamaza. Mei ya mwaka ule Microsoft waliitangaza Xbox One, na ikajulikana kuwa mashine itataka kuwasiliana kwa intaneti na seva zao, yaani kompyuta za kampuni, angalau mara moja kila saa 24, na kwamba kumpa mwenzako gemu uliyokwisha kuicheza kutawekewa masharti. Juni, Sony wakatoa kivideo cha sekunde ishirini na kitu kueleza namna ya kumuazima mtu gemu kwenye PS4. Mmoja anampa mwenzake kasha la gemu, mwenzake anasema ahsante, kimekwisha. Bei nayo ilikuwa dola 399 kwa PS4 na dola 499 kwa Xbox One. Haikupita hata nusu mwezi Microsoft wakayafuta masharti yote mawili.

Sisi tuliokuwa na modemu ya kuchomeka na bando la kuhesabu tulielewa mara moja tulichoponea. Mashine inayodai kuripoti kila siku, katika kisiwa kilichokuwa kimetoka kukaa gizani miezi mitatu! Nilirudi PlayStation kwa PS4, na nilirudi kwa sababu hiyo tu. Watu wengi wa rika langu walifanya hivyo hivyo, hata kama leo wanaisimulia kwa lugha ya mapenzi ya tokea zamani.

Lakini Sony nao hawakutupokea kama tulivyowapokea. PS3 ilikuwa inaruhusu kucheza na watu mtandaoni bila ya malipo. PS4 ikaja na sharti la PlayStation Plus, huduma ya kulipia, kwa gemu nyingi. Ukitaka kuilipia unagundua kuwa katika orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wenye akaunti na duka la gemu, Tanzania haimo. Afrika Kusini imo. Sisi hatumo. Kwa hivyo kijana wa Wete anajiandikisha kuwa anaishi Marekani au Uingereza, ananunua kadi za vocha kwa mtu wa kati kwa bei ya kuruka, na akaunti yake siku zote iko juu ya kitu alichokidanganya. Hili si jambo dogo. Mei 2024 Sony waliposhikilia kuwa wachezaji wa gemu yao ya Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PSN, gemu iliondolewa kuuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambayo hayamo kwenye orodha hiyo. Sharti lenyewe waliliondoa baada ya wachezaji kupiga kelele dunia nzima, na kwa siku zile watu walionekana kushangaa kugundua kuna nchi nyingi kiasi hicho zisizohesabiwa. Sisi hatukushangaa. Ndipo ninapopata tabu na mtu wa hapa anayetaka nimuonee kampuni kama hiyo uchungu.

Kuna jambo jengine la pesa ambalo halizungumzwi barazani na ndilo litakaloamua mashine gani itatawala visiwani kwa miaka kumi ijayo. Zanzibar siku zote tumeingia mwishoni. Mashine inatoka Japani na Marekani kwa bei kubwa, miaka inapita, bei inashuka, ndipo inafika kwetu kupitia Dubai, mpya ya boksi kwa mwenye uwezo na mtumba kwa wengine. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. PS3 ilianza dola 599 kwa ile kubwa, na 2009 ikatoka nyembamba ya dola 299. Mabanda yetu yote yamejengwa juu ya mteremko huo wa bei.

Mteremko huo umepinduka. PS5 ya sidii ilianza 2020 kwa dola 499. Agosti 2025 Marekani ikapandishwa hadi dola 549. Xbox Series X ilianza kwa bei hiyo hiyo ya 499, Mei 2025 ikawa 599, Oktoba ikafika karibu 650. Mashine ya miaka mitano inauzwa ghali kuliko ilivyokuwa mpya. Game Pass, ile huduma ya Microsoft ya kulipa kwa mwezi ukacheza gemu nyingi, daraja lake la juu limetoka dola 20 hadi dola 30 ndani ya siku moja ya Oktoba 2025. Mwenye banda wa Mkoani anayesubiri bei ishuke kama alivyosubiri baba yake kwa PS2 anasubiri kitu ambacho hakijaonekana kizazi hiki. Mimi naona hii ni habari kubwa kuliko vita vyote vya nani ana picha nzuri zaidi, na ni jibu tosha kwa nini vijana wengi wamehamia simu. eFootball, ile PES yetu ya zamani iliyobadilishwa jina na kufanywa ya bure mwaka 2021, inachezwa kwenye simu ya mtu ndani ya daladala. Sipendi kuicheza PES kwa vidole viwili juu ya kioo, lakini siwezi kumlaumu kijana kwa kuchagua anachokimudu.

Linaloniuma zaidi ni sidii. Xbox Series S, tokea 2020, haina pa kuitia. PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 700 nayo haina. Kisomeo cha sidii unanunua mbali. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina kadi za baadhi ya gemu ambazo ndani hamna gemu, mna ufunguo tu. Unaichomeka, halafu unaanza kuipakua gemu yenyewe kwenye intaneti. Kadi hiyo unaweza kumuazima mwenzako, hilo nalikubali, lakini naye itabidi awe na bando la kuishusha upya. Gemu kubwa za leo zinafika gigabaiti 100 na kupita. Mwenye kununua bando la wiki anajua gigabaiti 100 ni kitu gani.

Na hata ukiwa na sidii, si kila sidii ni yako. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na waliokuwa na sidii yake kabatini wakabaki na kipande cha plastiki, kwa sababu gemu nzima ilikuwa haichezeki bila ya seva. Nintendo walifunga duka la mtandaoni la 3DS na Wii U Machi 2023. Duka la Xbox 360 likafungwa Julai 2024. California imefika mahali pa kutunga sheria inayolazimisha maduka ya mtandaoni kumwambia mnunuzi wazi kuwa anachopata ni ruhusa ya kutumia, si mali. Wao wana sheria. Sisi tuna sidii za PES 6 ambazo bado zinawaka, na hakuna mtu duniani mwenye uwezo wa kuzizima kutoka ofisini kwake.

Wanaotetea kubaki na jina moja wana hoja nzuri moja, nami naiheshimu. Wanasema ukihama unaacha marafiki na unaacha miaka ya gemu ulizokusanya. Marafiki, hilo limepungua nguvu. Sony waliokataa kwa muda mrefu kuwachanganya watu wao na wa mashine nyengine walilegea Septemba 2018 kuanzia na Fortnite, na sasa gemu nyingi kubwa za mtandaoni hazijali una mashine gani. Gemu ulizokusanya ndio uzito wenyewe. Ukishanunua gemu thelathini kwenye akaunti, hutoki. Na kampuni inalijua hilo, ndiyo maana inataka kila kitu kiwe kwenye akaunti. Mtu aliyekusanya sidii anaweza kuziuza zote Ijumaa na Jumamosi akawa na mashine ya kampuni nyengine. Mtu aliyekusanya akaunti hana cha kuuza. Huyo wa pili haishi kwa uaminifu, amefungwa, na ni kosa kumsifia.

Kwa hivyo hivi sasa nina Xbox Series X ya sidii, si kwa kuwa nimeipenda Microsoft upya. Mashine hiyo inasoma sidii za Xbox One, na mamia ya gemu za 360, na hata baadhi za Xbox ya kwanza ya 2001. Kuna kasha la sidii za kaka yangu lililokuwa linakula vumbi juu ya kabati na sasa linatumika; watoto wake wanacheza Halo 3 kwa skrini ya kugawana, kila mmoja na nusu yake. Ni kweli kwamba sidii za 360 zinataka intaneti mara ya kwanza ili mashine ishushe toleo linaloendana nayo. Hilo ni doa, na nalisema. PS5 ya sidii nayo inasoma za PS4, na anayeichagua kwa sababu hiyo yuko sawa vile vile.

Mzee anayekwenda Mlandege au Darajani kabla ya sikukuu kumnunulia mjukuu mashine, namuomba aangalie uso wa ile mashine kama una mahali pa kuingizia sidii kabla ya kuuliza jina. Ile isiyo na tundu itakuwa rahisi pale kaunta, na tofauti ile itarudi kwa njia ya bando mwezi baada ya mwezi, na siku mtoto atakapoichoka gemu hatakuwa na cha kumpa jirani wala cha kubadilishana. Muuzaji naye aache kumwambia mtu "zote sawa tu". Si sawa.

Sony wakiiingiza Tanzania kwenye orodha yao, kijana wa Wete akaweza kuandika anuani yake ya kweli na kulipa kwa pesa ya simu, na wakaendelea kuweka tundu la sidii kwenye mashine itakayofuata PS5, nitaiuza hii Series X na kurudi kwao wiki hiyo hiyo. Nintendo wakiacha kuuza kadi tupu, nitawafikiria na wao. Microsoft wakitoa Xbox ijayo bila ya pa kuingizia sidii, kasha lile la kaka yangu halitakuwa na kazi ndani ya mashine yao mpya, na mimi sitakuwa mteja wao.